Pua ya Lukresia

Katika kitongoji kimoja cha Butiama, upande wa kuelekea Kiabakari, hakuna mwanamke aliyethubutu kufunua lundo lake la muhogo kabla Lukresia hajaitwa. Muhogo wa kule ni ule mchungu, wenye sumu ndani yake. Humenywa, hulundikwa kivulini, hufunikwa kwa majani ya migomba na magunia, hukandamizwa kwa mawe, kisha huachwa uvunde mpaka uote ukungu. Ukishavunda vya kutosha hukwanguliwa, huvunjwavunjwa na kuanikwa juu ya miamba hadi uwe udaga mkavu wa kusaga. Hayo kila mtu aliyajua. Kilichowashinda wengi ni kujua siku ya kusema basi.

Lukresia alikuja akitembea polepole, mikono nyuma. Alichomoa kipande cha katikati ya lundo, akakivunja, akakileta puani akiwa amefumba macho kama mtu anayepokea komunyo. Kisha alisema neno moja kati ya mawili.

"Bado." Au, "Anika."

Na wao, waliopenda na waliochukia, waliitikia: "Tumesikia."

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Alipoolewa katika mji wa mumewe alikuwa binti wa miaka kumi na saba, na pua yake ilikuwa kali kuliko itakavyopata kuwa tena maishani mwake. Alinusa mvua ingali upande wa Nyamuswa. Alijua kwa harufu ya njia kwamba mchuuzi wa sato amepita asubuhi. Lakini mama mkwe wake hakumruhusu kuligusa lundo kwa miaka mitatu, ila kubeba mawe tu. Siku moja aliposema kwamba muhogo haujaiva, mama mkwe aliangua kicheko akawaita majirani waje wamsikie bibi harusi. "Maziwa ya mama yake hayajamkauka mdomoni," alisema, "naye ananusia watu chakula."

Lukresia alibeba mawe. Alizaa watoto sita, akazika wanne. Mama mkwe akafa, mume akafa, nywele zikaingia mvi. Hapo ndipo wanawake walipoanza kuja mlangoni kwake, mmoja mmoja, wakisema, "Mama Bernado, hebu njoo utuangalizie." Walioicheka pua ile ilipokuwa kali, sasa waliinyenyekea. Hakuwauliza kwa nini. Mtu aliyengoja kitu miaka thelathini hakikagui anapokabidhiwa.

Siku aliyojua kwamba pua yake imekufa aliikumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa siku ya furaha. Ilikuwa ile miaka iliyofuata vita vya Uganda, duka la kijiji lilipobaki na rafu tupu na muuzaji mmoja aliyesinzia. Watu walifulia majivu. Bernado, mwanawe pekee wa kiume aliyesalia, alikuwa fundi mwashi mjini Musoma, amepanga chumba mtaa wa Mukendo, na mwisho wa mwezi alikuja nyumbani. Safari hiyo alikuja na sabuni. Si ile ya kufulia, bali sabuni ya kuogea, nyeupe, imefungwa kwenye karatasi yenye picha ya ua. Alivyoipata hakusema.

Ilipitishwa mkono kwa mkono kama mtoto mchanga. Mama Dorkas wa mji wa jirani aliivuta harufu yake mpaka akapiga chafya. Tereza, mke wa Bernado, binti wa Majita aliyekuwa na miaka ishirini na mmoja, aliinusa akacheka akauficha uso kwenye khanga. Ilipomfikia Lukresia, aliifumbia macho kama alivyofumbia muhogo. Akavuta. Akavuta tena. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa kama kuweka sikio mlangoni pa nyumba iliyohamwa.

"Ehe, Mama Bernado?" aliuliza Mama Dorkas. "Inanukiaje?"

"Kama Pasaka," alisema Lukresia.

Wote walicheka kwa kupendezwa, na neno lile likarudiwa kisimani wiki nzima. Uongo wake wa kwanza ulipokelewa kwa makofi. Aliichukua sabuni, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka ndani ya sanduku lake, na hakuna aliyeoga nayo.

Angeweza kusema wakati ule. Alijiambia atasema akiisha kupona, labda ni mafua. Mafua hayakuwepo. Alianza kuhesabu siku badala ya kunusa: siku nne kwa lundo la kawaida, tano kukiwa na baridi. Aliminya vipande kwa kidole gumba akapima ulaini wake. Akaendelea kufumba macho, akaendelea kuvuta pumzi, na watu wakaendelea kuitikia. Wala hakukosea. Wakati wa shibe, kuhesabu kunatosha.

Kisha ukaja mwaka wa themanini na nne, mvua za vuli zikakatika, na za masika zikanyesha kwa kuonjesha. Mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa goti. Ng'ombe walikondeana. Muhogo peke yake ndio uliobaki ardhini, na ulikuwa muhogo wa ukame: mwembamba, mgumu, mchungu kuliko ule wa miaka yote. Malori ya wafanyabiashara wa Bunda yalianza kufika, maana sasa yaliruhusiwa, yakinunua udaga kwa mtu yeyote aliyekuwa nao. Wenye mashamba makubwa waliuza. Mji wa Lukresia haukuwa na cha kuuza. Walikuwa watatu: yeye, Tereza, na Ursula, mtoto wa Bernado, msichana wa miaka sita aliyekimbia kila alikotumwa kwa sababu kutembea kulimchosha.

Siku ya pili ya lundo, hapakuwa na unga ndani tangu jana yake. Mama Dorkas alikuwa amekuja kuomba moto, na dada yake yupo naye. Ursula ameketi kwenye kizingiti, akitafuna ncha ya gauni lake.

Lukresia alifunua majani. Akaminya kipande, kikabonyea. Akafumba macho, akavuta pumzi yake tupu.

"Anika," alisema.

Tereza alikuwa ameinama karibu, ungo mkononi. Alishika kipande kilekile, akakileta puani, uso ukamkunjamana. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "bado. Bado kinachoma."

Majirani wawili waligeuka kutazama. Lukresia alihisi joto likimpanda shingoni. Si kwamba hakumwamini. Kilichomtisha ni kwamba alimwamini pale pale, na wanawake wale wawili walikuwa wanamtazama.

"Hebu msikieni," alisema. "Pua ya jana inaifundisha pua ya juzi!"

Mama Dorkas alicheka hadi akashika kiuno. "Mkwe wetu, wee! Kwenu Majita mnanusaga samaki. Muhogo wetu huu muachie mwenyewe."

"Penye wazee haliharibiki neno," aliongeza dada yake.

Tereza aliinamisha kichwa. "Tumesikia, Mama," alisema.

Hakusema tena. Hilo ndilo lililomtesa Lukresia baadaye kuliko mengine yote. Kwa miezi miwili malundo yalifunuliwa siku ya pili, kwa sababu njaa haikungoja ya nne, na kila mara Tereza alianika kimya, mdomo umefungwa kama mlango uliopigwa komeo. Ugali uliliwa na mlenda, bila samaki, bila maharage. Watu wazima walijinyima wakampa mtoto, kwa hiyo mtoto ndiye aliyekula zaidi.

Asubuhi moja Ursula alitumwa kuleta kibuyu jikoni. Alisimama, akapiga hatua mbili, akaanguka. Walimwinua. Miguu yake ilikuwa imekakamaa kama fimbo, magoti yanagongana, visigino havifiki chini. Hakuwa na homa. Hakusikia maumivu. Alimtazama bibi yake akauliza, "Bibi, nani ameifunga?"

Bernado, aliyekuwa amekuja kwa mwisho wa mwezi, alimbeba mgongoni mpaka barabarani, Lukresia akifuata, wakapata gari hadi Musoma. Daktari aliyewapokea alikuwa kijana mwembamba mwenye ndevu za kuhesabika. Alimgonga mtoto magotini kwa kinyundo, akauliza wanakula nini, wanaandaaje muhogo, wanauvundika siku ngapi. Kisha akasema ni sumu ya muhogo ambao haukuachwa vya kutosha; kwamba ugonjwa hautaendelea wakiacha kuula hivyo; na kwamba miguu haitarudi.

Njiani kurudi, Bernado alisema kwa hasira, "Katoto kale katoke shule jana kaniambie mama yangu hajui muhogo?"

Lukresia aliketi nyuma ya lori, Ursula mapajani, akitazama vumbi. Katika wote waliosikia maneno ya daktari yule kijana, ni yeye peke yake aliyemwamini.

Kikao cha ukoo kiliitishwa siku ya Jumamosi. Mwenyekiti alikuwa Mzee Wanzagi, mdogo wa marehemu mume wa Lukresia, mtu wa haki aliyependa mambo yaishe kabla ya ng'ombe kurudi. Walikaa kwenye viti uani, Tereza kwenye mkeka pembeni. Maneno ya daktari hayakutupwa yote, yaligeuzwa. Kama ni muhogo, basi nani aliyeushika? Mama Bernado amewanusia watu miaka ishirini na hakuna aliyeugua hata tumbo. Aliyeanika ni nani? Aliyesaga ni nani?

Mama Dorkas aliitwa kutoa ushahidi. "Mimi siwezi kudanganya mbele ya Mungu," alisema. "Nilikuwepo siku ile. Mama Bernado alisema anika, na huyu binti akabisha. Nilimsikia kwa masikio yangu. Mtu anayebishaga mbele ya watu, nyuma yao anafanyaje?"

Watu walitikisa vichwa. Hivyo onyo la Tereza likageuka kuwa shitaka.

"Tereza," aliuliza Wanzagi, "ulibisha au hukubisha?"

"Nilibisha, Baba."

"Ukaanika kama ulivyoambiwa?"

"Nilianika kama nilivyoambiwa."

"Basi vipi mtoto ameharibika?"

Tereza aliinua macho, akamtazama mama mkwe wake. Hakumtazama kwa chuki. Alimtazama kama mtu aliyeshika upande mmoja wa mzigo, anangoja mwenzake ashike upande wa pili.

Lukresia alisimama. "Ni mimi," alisema. "Pua yangu imekufa. Sinusi kitu, huu mwaka wa tatu. Mkwe wangu huyu aliniambia bado, na alisema kweli. Nilisema anika kwa sababu niliona haya."

Matumaini yalimjia kwa muda wa pumzi mbili. Kisha Wanzagi alitabasamu, tabasamu la upole, na Lukresia akajua kwamba ameshindwa.

"Mnaona?" Wanzagi aliwaambia watu. "Huyu ndiye mzazi. Anajitwisha kosa la mtoto wa watu ili ndoa isivunjike. Keti, shemeji. Tumekusikia. Huruma yako tunaijua."

"Shemeji, si huruma—"

"Keti, Mama," alisema Bernado, akimshika mkono. Macho yake yalikuwa yamelengwa na machozi. Alijivunia mama yake.

Alikuwa amejengewa imani kubwa kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuweza kuibomoa. Iliamuliwa Tereza arudi kwao mpaka mambo yatulie. Mtoto angebaki, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walikuwa wametolewa. Tereza alifunga nguo zake kwenye kitenge kimoja. Ursula, aliyekuwa amelazwa mlangoni, alimwambia, "Mama, ungoje, miguu ikifunguliwa nakuja." Tereza alipita njia ya nyuma ya zizi ili mtoto asione mgongo wake ukienda mbali.

Wiki nzima Lukresia hakula ila uji. Jumapili ilipofika alichukua kile kitambaa chenye sabuni kutoka sandukuni akaenda kanisani. Padre hakuja siku hiyo. Katekista ndiye aliyeongoza sala. Watu walipotoka na kusimama uani wakisalimiana, Lukresia alijifunga khanga machoni mwenyewe, fundo nyuma ya kisogo, akasema kwa sauti kubwa:

"Mama Dorkas, njoo hapa. Nitilie kitu puani. Chochote."

"Mama Bernado, vipi leo, unacheza na sisi?"

"Nitilie!"

Mama Dorkas alichomoa sabuni kwenye kitambaa alichokishika Lukresia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, akamwekea puani. "Hiki nini?"

"Sijui," alisema Lukresia. "Kingine."

Walicheka. Mtu mmoja alileta dagaa waliooza kutoka kikapu cha mchuuzi aliyeketi langoni pa kanisa. Wakawaweka chini ya pua yake mpaka wakamgusa mdomo. Waliosimama karibu walirudi nyuma kwa uvundo.

"Je, na hiki?"

Lukresia alivuta kwa nguvu zote za kifua chake. "Hiki ni sabuni," alisema. "Au si sabuni? Niambieni."

Kicheko kilianza, kikafa katikati. Wakampa kitambaa chenye mafuta ya taa. Wakampa kinyesi cha mbuzi kwenye jani. Alikisia, akakosea, akakisia tena, akikosea kwa sauti ileile aliyotumia kusema anika. Aliposikia kwamba hakuna anayeleta kitu tena, alifungua khanga. Mzee Wanzagi alikuwa amevua kofia. Mama Dorkas alikuwa ameketi chini, mikono kichwani, akihesabu kwa midomo malundo yote ya nyumbani kwake yaliyopimwa na pua ile.

"Sasa mmeniamini," alisema Lukresia.

Akakunja khanga, akashika njia ya nyumbani.

Desturi ni kwamba mke aliyerudi kwao hufuatwa na mumewe pamoja na wazee. Lukresia hakungoja wapange safari. Kesho yake alitembea hadi barabarani, akapanda lori lililoelekea upande wa ziwa, akashuka Mugango, akaendelea kwa miguu hadi Majita. Mama mkwe haingii kwa wakwe zake hivihivi. Alikaa nje ya ua, juu ya jiwe, jua likimpiga, mpaka mama yake Tereza alipotoka akapigwa na butwaa.

"Mkwe! Peke yako? Kuna msiba?"

"Upo," alisema Lukresia. "Niitie binti yako. Sili, sinywi, niitie tu."

Tereza alikuja na mikono yenye magamba ya samaki. Alisimama mbali kidogo. Lukresia alimweleza yote, tangu sabuni ile, mpaka dagaa wa kanisani. Alieleza akitazama chini.

"Mama," aliuliza Tereza, "siku ile ya kwanza, ulijua kwamba bado?"

"Nilijua kwamba siwezi kujua. Ulipoongea nikajua."

"Na ukanicheka."

"Nikakucheka. Hata mimi nilichekwa hivyohivyo, nikiwa kama wewe. Nilidhani nimesahau."

Upepo wa ziwani ulipuliza harufu ambayo mmoja tu kati yao aliisikia. Tereza alijifuta mikono kwenye khanga, kidole kwa kidole.

"Nitarudi kwa ajili ya mtoto," alisema. "Kwako sijui bado."

"Tumesikia," alisema Lukresia.

Walirudi pamoja. Ursula alichongewa fimbo mbili za mkwaju, na akajifunza kwenda kwa kurukaruka kama ndege aliyevunjika mguu. Alipofika darasa la nne, aliacha kuuliza ni lini miguu itafunguliwa.

Miaka ilikuja na vitu vyake. Mnada wa Kiabakari ulijaa mitumba, na sabuni zilirundikwa mezani kwa rangi zote, za waridi, za limau, watu wakizipita bila kugeuka. Lukresia alipenda kusimama mbele ya meza ile, akaokota moja, akaiweka puani, akairudisha. Muuzaji alidhani anatafuta yenye harufu nzuri zaidi.

Mtu angefikiri kwamba baada ya yote hayo wanawake wangemwita Tereza awanusie muhogo. Hawakumwita. Walimlilia, walimwomba radhi, Mama Dorkas mwenyewe alimletea kuku. Lakini lundo lilipokuwa tayari kufunuliwa, walimwita Mama Dorkas, kwa sababu alikuwa amefikisha miaka sitini na saba, na kwa sababu mtu lazima aitwe. Mama Dorkas alikuwa na mafua yasiyokwisha.

Lundo moja tu katika kitongoji kile lilimngojea Tereza, nalo ni la mji wake. Mwaka wa tisini na tatu, kabla ya mvua, unga ulikwisha tena. Lukresia alikuwa kikongwe, mgongo umekunjika. Asubuhi ya siku ya tatu waliketi watatu kuzunguka lundo, Ursula akiegemea fimbo zake. Tereza alichomoa kipande cha katikati, akakivunja, akakinusa macho wazi. Alinusa muda mrefu. Tumbo la mtu mmojawapo lilinguruma, na hakuna aliyecheka.

"Bado," alisema Tereza.

"Tumesikia," alisema Lukresia. Akapiga magoti, akarudisha majani, na kwa mikono yake mwenyewe akaanza kubeba mawe.